Ngazi za Bahari ya Kale: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Udongo, Nyasi na Misitu ya Pwani

Maswali haya tumeyaokota kwenye behewa la treni ya Mombasa, kwenye kundi letu la WhatsApp, na katika matembezi ya Jumamosi tunayofanya Karura na kwingineko hapa Nairobi. Wengi wanaouliza ni watu wa bara wanaoshuka pwani mara moja au mbili kwa mwaka. Mchanga na bahari wanaviona, ila mwamba walioukanyaga hawauoni. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotuumiza kichwa hata sisi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tutakuelekeza huko.

## Ya msingi

Ngazi ya bahari ni kitu gani?

Ni uwanja tambarare wa pwani uliochongwa au kujengwa na bahari zamani, na ambao leo uko juu ya maji. Mawimbi yanakula mwamba pale pale yanapoupiga. Ukingo unarudi nyuma kidogo kidogo, na mbele yake kunabaki sakafu iliyolingana. Katika bahari za joto matumbawe nayo yanafanya kazi yake: yanajenga mwamba kutoka chini hadi karibu na uso wa maji, kisha yanaenea kwa upana. Baadaye bahari inashuka, au ardhi inainuka, na ile sakafu inaachwa nchi kavu. Bahari ikitulia kwenye kimo kingine, inakata kidato kingine. Kwa kawaida kidato cha juu ndicho kikongwe zaidi.

Ukitaka kuiona kazi hiyo ikiendelea, nenda Watamu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Utakuta miamba iliyosimama kama uyoga: kichwa kipana juu, shingo nyembamba chini. Shingo hiyo imeliwa na maji yanayopanda na kushuka kila siku. Weka kiganja chako pale penye mbonyeo, na utagusa mahali ambapo bahari inakata kidato cha kesho.

Kwa nini bahari ipande na kushuka hivyo?

Sababu kubwa ni barafu. Dunia ikipoa, maji mengi yanagandia juu ya nchi kavu huko kaskazini na kusini, na bahari inapungua. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa mita 120 hivi. Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya kiwango cha leo.

Mombasa ni kisiwa kwa sababu hiyo hiyo. Bahari ilipokuwa chini, mito ilichimba mabonde marefu kuelekea ufuo uliokuwa mbali. Maji yaliporudi, yaliyajaza mabonde hayo, na ndiyo tunayoyaita leo Kilindini na Tudor. Meli za mizigo zinapita juu ya bonde la mto uliozama.

Mahali pengine ardhi yenyewe ndiyo inayopanda. Charles Darwin alikuwa Chile mwaka 1835 tetemeko la Februari lilipoipiga nchi, akaona pwani imeinuliwa. Baadaye mwaka huo alitazama vidato vya Coquimbo akielewa jinsi vilivyofika pale.

Hapa Kenya ngazi hizi ziko wapi?

Kidato cha chini umeshakikanyaga kama umewahi kufika pwani. Kisiwa cha Mombasa, Bamburi, Diani na Watamu vimekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale, na sehemu kubwa ya miamba hiyo ni ya ile bahari ya miaka 125,000 iliyopita. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, imesimama juu ya mwamba huo, na kuta zake ni mawe ya huo huo. Nyuma ya mwamba kuna mchanga wa kijivu, kisha vilima vya mchanga mwekundu, kisha mawe ya zamani zaidi yanayoelekea Mariakani.

Je, Nairobi iliwahi kuwa chini ya bahari hiyo?

Hapana. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mawe tunayojengea, yakiwemo ya Ndarugo, yametokana na volkano.

Hata hivyo somo lenyewe unaweza kulianza hapa hapa mjini. Karura ina udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji, nao umebeba msitu. Shuka hadi nyanda za Athi na mbuga ya Nairobi upande wa mashariki: udongo mweusi wa pamba, mvua ikinyesha unavimba na kunata, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia kwenye nyufa. Hapo nyasi ndizo zinazotawala, miti ni ya kuhesabu. Mizizi ya mti inachoka na udongo unaoivuta na kuikata kila msimu. Ukiielewa tofauti hiyo ya Karura na Athi, pwani utaielewa haraka.

Na mawe ya mazeras tunayobandika ukutani na kutandika uani?

Ni ya pwani kweli, lakini hayahusiani na ngazi hizi. Ni mchanga ulioshikamana ukawa jiwe karibu miaka milioni 200 iliyopita. Ukilidondoshea ndimu halitoi povu, na sababu utaiona kwenye swali la kununua ploti.

## Udongo

Kwa nini kila kidato kiwe na udongo wake? Si mvua ni ile ile?

Mwaka 1941, Hans Jenny, mtaalamu wa udongo aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi California, aliandika kwamba udongo unatokana na mambo matano: hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba wa asili na muda. Ngazi za bahari ni zawadi kwa mtu anayetaka kuujua huo muda, maana vidato viwili vinaweza kuwa karibu kiasi cha kupata mvua ile ile huku kimoja kimekizidi kingine miaka 100,000.

Miaka hiyo maji ya mvua hayakukaa bure. Yanashuka ndani ya udongo yakibeba chumvichumvi zenye rutuba: kalisiamu, magnesiamu, potasiamu. Yanaviteremsha hata vumbi laini la mfinyanzi na chuma, vinakusanyika chini na wakati mwingine kugandamana kama sakafu ya simenti. Kidato kichanga kina chakula kingi na udongo mfupi. Kidato kikongwe kina udongo mrefu, lakini umeoshwa hadi umechoka. Watu wengi hudhani udongo wa kale ndio mnono. Mara nyingi ni kinyume.

Udongo wa juu ya matumbawe ukoje?

Mchache, na uko mifukoni. Matumbawe ni chokaa, na mvua inaiyeyusha polepole. Mwamba unabaki na vishimo, ncha kali na mapango (jina la Shimoni lenyewe linasema), na ndani ya vishimo hivyo kunabaki udongo mwekundu au kahawia, pengine kiganja kimoja, pengine debe kumi. Watu wa Zanzibar wana maneno mazuri kwa mambo haya: maweni ni nchi ya mawe ya matumbawe, kichanga ni udongo wa mchanga, kinongo ni udongo mwekundu mzito kidogo. Mkulima akisema shamba lake liko maweni ameshamaliza kukueleza atalima nini na kwa jembe lipi.

Udongo huu una chokaa nyingi, kwa hiyo mimea inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Maji nayo hayakai. Mvua ya saa nzima, na baada ya saa nyingine mwamba umekauka.

Na ule mchanga mwekundu wa nyuma ya Malindi na Kilifi?

Wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini. Ni wa kale kuliko matumbawe ya ufuoni, na uliletwa na mito na upepo kutoka bara. Wekundu wake ni kutu: kila chembe imevikwa utando mwembamba wa chuma. Utando huo ukioshwa, chembe inabaki nyeupe, na ndiyo maana unaweza kutoka kwenye mchanga mwekundu na kuingia mweupe bila kupanda wala kushuka kilima. Nenda Marafa jua likielekea kuzama. Maji ya mvua yamelipasua bonde zima, na tabaka nyekundu, za rangi ya chungwa na nyeupe zimesimama wazi.

## Nyasi na misitu

Kuna mahali ngazi hizi zinaonekana waziwazi, kila moja na mimea yake?

Mfano unaotajwa zaidi duniani uko mbali na sisi: pwani ya Mendocino, kaskazini mwa California. Kuna vidato vitano, kila kimoja kimepanda kwa mita 30 hivi juu ya mwenzake na kukizidi kwa miaka 100,000 hivi. Kidato cha kwanza, karibu na mawimbi, ni nyasi: udongo mweusi wenye rutuba uliotengenezwa na mizizi ya nyasi zenyewe, na upepo wa chumvi unaozuia miti isisimame. Ukipanda kidato cha pili unaingia kwenye miti mirefu mno, ile mikubwa ya huko inayoitwa redwood. Unatarajia cha tatu kiwe na msitu mkubwa zaidi.

Badala yake unakuta msitu wa vibeti. Miberoshi na misonobari iliyozidi miaka 100 inakufika kiunoni, pengine begani. Udongo umeoshwa ukawa wa rangi ya majivu, ni mchachu mno, chini ya 4 kwenye kipimo ambacho 7 ni katikati na namba ikishuka uchachu unazidi, na chini yake kuna ile sakafu ngumu niliyoitaja. Masika maji yanatuama juu yake na mizizi inazama. Kiangazi mizizi haiwezi kupenya kufuata unyevu. Mti uleule ukiupanda kwenye udongo mzuri unarefuka kama kawaida. Mimi huwa narudia jambo hili kwa vijana wa shule wanaokuja nasi, kwa sababu wengi wamefundishwa kwamba msitu ukiachwa tu utazidi kunawiri milele. Udongo nao huzeeka.

Hapa kwetu je, tofauti hizo zinaonekana?

Zinaonekana sana, Arabuko-Sokoke. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi una sura tatu. Upande wa mashariki, kwenye mchanga wa kijivu ulio karibu na bahari, kuna msitu mchanganyiko, ukiwemo mbambakofi. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo mrihi unatawala: miti imeachana, mwanga unafika chini, unaweza kuona mbali. Magharibi, kwenye mchanga mwekundu wa Magarini, kuna msitu mzito wa miti ya Cynometra, mifupi, imesongamana hata kupita ni shida.

Mara ya kwanza nilipovuka kutoka kwenye mrihi kuingia kwenye wekundu niliangalia chini kufunga kamba ya kiatu. Upande wa kisigino mchanga ulikuwa mweupe kama chumvi, hatua chache mbele ulikuwa rangi ya matofali. Nilipoinua macho, miti nayo ilikuwa imebadilika. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika sentimita 20, anaishi kwenye msitu wa ule mchanga mwekundu na hahamii mrihini hata ukiwa jirani.

Tuseme ukweli wote: mvua nayo hailingani. Mashariki inafika milimita 1,100 kwa mwaka, kaskazini-magharibi ni 600 hivi. Udongo haufanyi kazi peke yake.

Mbona Shimba Hills kuna nyasi juu ya kilima na msitu ubavuni?

Kwanza, Shimba si ngazi ya bahari. Ni kilima cha mawe ya mchanga ya kale zaidi. Nyasi zake zinashikiliwa na moto na tembo pamoja na udongo wa mchanga uliochoka. Ukiondoa moto, miti inaanza kuvamia, na palahala, swala mkubwa ambaye nchini Kenya anapatikana porini hapo tu, anapungukiwa na malisho.

Misitu ya kaya imebaki kwa sababu ya udongo?

Imebaki kwa sababu ya watu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imeota juu ya matumbawe: mizizi imekumbatia jiwe kama vidole, ikatafuta nyufa, ikateremka. Ardhi ya aina hiyo haimvutii sana mwenye jembe, kweli, lakini inamvutia sana mwenye hoteli na mchimba mawe. Kilichoizuia mikono hiyo ni miiko ya wazee. Ukienda utavishwa kaniki kabla ya kuingia, na usikate hata jani. Kaya kadhaa za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

## Ploti, shamba na kisima

Nataka kununua ploti pwani. Nitajuaje niko kwenye kidato kipi?

Beba ndimu na jembe. Okota jiwe, likwaruze upate sehemu safi, dondoshea ndimu. Likitoa povu ni chokaa, uko juu ya matumbawe. Tafuta pia alama za nyota au vijitundu vilivyopangika; hizo ni nyumba za matumbawe yaliyokufa. Kisha chimba mahali patatu, usikubali shimo moja tu. Kwenye maweni jembe linaweza kugonga jiwe kwa kina cha kiganja hapa, na hatua tano mbele likazama hadi mpini. Kama ni mchanga mwekundu utachimba mita nzima bila kugusa jiwe.

Muuzaji akikwambia "udongo ni mzuri," muulize mzuri kwa kazi gani. Kwa msingi wa nyumba, matumbawe ni mazuri. Kwa bustani ni habari nyingine.

Parachichi zangu zimegeuka manjano. Dawa gani?

Hili tunaulizwa na karibu kila aliyebeba miche kutoka Murang'a. Jirani yangu alipanda 20 kwenye ploti yake ya maweni. Majani yalianza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, akaongeza mbolea, yakazidi. Alidhani ni ugonjwa, na fundi wa bustani akamuuzia dawa mbili. Kumbe miti ilikuwa na njaa ya chuma kwa sababu ya chokaa, kama tulivyoeleza kwenye swali la udongo wa matumbawe, na mbolea ya kawaida haiwezi kuitibu.

Panda kinachopapenda pale: mwarobaini, mkwaju, mbuyu kama una subira. Mchangani panda mnazi, na kwenye mchanga mwekundu mkorosho. Ukishikilia parachichi, panda kwenye shimo kubwa lililojazwa udongo wa kuletwa na mboji nyingi, na ujue mizizi ikitoka nje ya shimo matatizo yatarudi.

Naweza kuchimba kisima na choo kwenye ploti moja ya futi 50 kwa 100?

Kwenye matumbawe, tafadhali usifanye hivyo. Nairobi tumezoea udongo unaochuja polepole. Mwamba wenye nyufa na mapango hauchuji, unapitisha. Kinachoingia chooni leo kinaweza kuwa kisimani mwako, au kwa jirani, kabla hakijasafishwa na chochote. Jenga tangi lililofungwa na lipigwe plasta ndani. Kisima nacho kina mpaka wake: maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mwamba, na ukivuta kwa pampu kubwa mchana kutwa, ya chumvi yanapanda. Yakishapanda, kuyarudisha chini ni kazi ya misimu mingi.

## Maswali ya pembeni

Je, kila kidato pwani kimekatwa na bahari?

La. Vingine ni vilima vya mchanga wa upepo, vingine vimetokana na mwamba mgumu kubaki huku mlaini ukiliwa, vingine na kuvunjika kwa ardhi. Pwani yetu imetulia kuliko California, kwa hiyo ngazi zetu hazikupangika vizuri kama za Mendocino. Ushahidi wa bahari ni mwamba wa matumbawe, makombe ndani ya mawe, na ile mibonyeo ya mawimbi tuliyoigusa Watamu. Umri wa matumbawe unapimwa kwa urani: tumbawe hai linaivuta kutoka majini, na urani hiyo inageuka kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana.

Kidato kikishachimbwa, msitu unaweza kurudi?

Bamburi inajibu swali hili kuliko mahali pengine popote nchini. Saruji ilianza kutengenezwa pale mwaka 1954, na matumbawe yakachimbwa hadi karibu na maji ya chini. Kilichobaki kilikuwa jangwa jeupe: hakuna udongo, jua linarudishwa usoni, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi kama Jenny, alianza kujaribu miti. Kati ya aina 26, ni tatu tu zilizodumu, na uliotia fora ni mvinje. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani.

Lakini majani yake yaliyokauka yalikuwa yakilundikana tu bila kuoza. Aliyelitatua jambo hilo ni jongoo mwenye miguu myekundu. Jongoo walionekana wakiyala, wakaletwa kwa mamia, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Baada ya hapo miti mingine ikapata pa kushika. Nikiwapeleka watoto Haller Park wanakimbilia twiga na viboko. Mimi nawapigisha magoti kwanza, wachambue yale majani kwa vidole, hadi wamwone jongoo.

Kwa hiyo ndiyo, msitu unaweza kurudi. Ule uliokuwepo haurudi. Udongo wa mifukoni wa miaka 100,000 hautengenezwi kwa miaka 50.

Bahari inaweza kurudi kwenye kidato cha chini, kile cha Mombasa?

Ilishafika pale dunia ikiwa na joto lisilo mbali na la leo, na jiwe unalolikanyaga Mombasa linathibitisha. Haitafika wiki ijayo. Barafu kubwa huyeyuka kwa karne nyingi. Lakini tangu mwaka 1900 bahari ya dunia imepanda kwa sentimita 20 hivi, na sentimita chache zinatosha kuingiza chumvi kwenye visima tulivyovitaja.

Nikipanda treni, nikae upande gani nione?

Upande wowote, mradi usilale baada ya Voi. Fuatilia rangi ya ardhi kwenye makato ya reli: wekundu wa Taru, kisha kijivu na kahawia kuanzia Maji ya Chumvi, kisha Mariakani na minazi inayoongezeka. Treni inaishia Miritini, kabla hujafika kwenye matumbawe. Hayo utayakuta ukichukua matatu hadi kisiwani.

Naweza kurudi Nairobi na kipande cha tumbawe?

Usikiokote ufuoni wala majini. Kwenye hifadhi za bahari ni kosa kuchukua hata kombe. Pita mahali panapojengwa nyumba, uliza fundi kama kuna vipande vilivyobaki wakati wa kukata mawe. Changu nilipewa hivyo, Mtwapa, na mzee aliyekuwa akipumzika kivulini. Kina ukubwa wa ngumi, na upande mmoja umejaa nyota ndogo zilizopangwa kama sega la nyuki. Kipo mezani ninapoandika haya, na kona moja imelainika kwa sababu ya ndimu za wageni.